Barua ya Siku Moja

Mwaka wa 2012 hospitali niliyokuwa nikifanyia kazi Lodwar ilikuwa na chumba cha macho, tena chenye mashine nzuri ya kupimia iliyofunikwa shuka jeupe, lakini daktari wa macho haikuwa naye. Macho ya watu wote waliotufikia, kutoka Kalokol na Longech kule ziwani mpaka ndani kabisa kwa wafugaji, yalikuwa mikononi mwa muuguzi mmoja. Alikuwa Mturkana, mrefu, mtu wa utani. Kope zilizojikunja na kukwaruza jicho aliweza kuzitengeneza kwa upasuaji mdogo, maana alisomea. Mtoto wa jicho hakuruhusiwa kumgusa. Wenye ugonjwa huo aliwaandika kwenye daftari wangoje madaktari wa kuja na ndege, ambao walikuja walipopata nafasi. Siku walipofika, akiita majina, mengine yalijibiwa na jamaa: huyo hayuko tena.

Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya msimamizi. Nikisema karani nafupisha tu. Niliingia pale kama mfagiaji, na masomo yangu yaliishia darasa la nane. Nikajifunza kupiga chapa kwa kuangalia, na karani mwenyewe alipohamia Kitale niliambiwa nikalie kiti chake hadi apatikane mtu. Hakupatikana. Kwa hiyo haya niliyaona kutoka kwenye kiti hicho, na kuna mambo ambayo mtu wa kiti hicho haambiwi. Pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Nilikuwa nakaa chumba kimoja kwenye ploti ya vyumba sita, nyuma ya soko. Wapangaji wenzangu walikuwa walimu, na shule zikifungwa walipanda basi wakaenda kwao, nikabaki na kufuli tano za kuangalia. Mume wangu alikuwa askari. Ndiye aliyenileta Lodwar kwa uhamisho, na alipofariki tulimzika kwao Mwingi, mimi nikarudi kwa sababu kazi ilikuwa huku. Binti yangu alibaki kwa bibi yake akisoma. Tuliongea kwa simu Jumapili, dakika chache, na kila mara nilisahau lile nililotaka kumuuliza. Baada ya kanisa nilikuwa nafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Sisemi hivi nihurumiwe. Nasema kwa sababu nafikiri ukimya ule ulinifanya niyashike mambo ya ofisi kwa nguvu kuliko yalivyohitaji kushikwa.

Tangazo la kumtafuta daktari bingwa wa macho lilitoka gazetini mara mbili. Mara ya kwanza hakuandika mtu. Sista, ambaye ndiye alikuwa msimamizi wetu, hakushangaa. Alisema madaktari wa aina hiyo ni wachache nchini, na hao wachache wanabembelezwa na hospitali za Nairobi na Eldoret, sasa aje Lodwar kufanya nini, kula vumbi? Mara ya pili akaongeza kwenye tangazo nyumba yenye feni na likizo za kwenda kuona jamaa. Barua zikaja tatu.

Mbili zilikuwa zimepigwa chapa vizuri, moja ya Nairobi na moja ya Eldoret. Ya tatu ililetwa na dereva wetu kutoka Kakuma, kwenye bahasha ya khaki iliyotumika ikageuzwa nje ndani. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono. Mwandishi alikuwa Mkongo wa Bukavu, mkimbizi pale kambini, na kwao alikuwa daktari bingwa wa macho, tena aliyekwisha kufundisha wengine. Vyeti vilikuwemo, pamoja na kibali cha bodi ya madaktari cha kumruhusu kutibu Kenya. Mwishoni alisema: "Niko karibu nanyi na ninaweza kuanza kesho." Mstari huo niliusoma mara kadhaa. Wa Eldoret alikuwa ameomba apewe miezi mitatu ya kujiandaa. Wa Nairobi alisema jambo hilo wangelizungumza.

Muuguzi alimfahamu yule wa Kakuma. Alikuwa amempelekea wagonjwa waliomshinda.

"Huko kambini yeye hana cheo," aliniambia. "Anapasua macho vizuri sana, lakini kwa karatasi anaandikwa mhudumu mkimbizi, sawa na yule wa kugawa maji. Akipata hii kazi atakuwa daktari tena. Atoke pale na mke na wale wasichana wake wawili, wakae kwa nyumba iko na mlango."

"Kwani nyumba za kambini hazina milango?"

"Iko. Lakini si yake."

Sista alinieleza jinsi daktari mkubwa anavyochaguliwa, ili niandae sawasawa. Watakaa watatu: yeye, mwenyekiti wa bodi yetu ambaye alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na daktari bingwa wa macho kutoka nje, kwa sababu sista na mwalimu hawawezi kumuuliza mtu wa macho mambo ya macho. Huyo wa nje angekuja na ndege kutoka Nairobi. Baada ya maswali kulikuwa na kitu ambacho sijui kama hospitali nyingine wanacho. Sisi tulikiita benchi. Daktari anayeomba kazi anatolewa nje kwenye baraza, wagonjwa wamekaa kwenye benchi wakingoja, na anamshughulikia yule atakayeonyeshwa na muuguzi, muuguzi akimtafsiria. Jopo wanasimama mbali kidogo wanatazama. Maksi za benchi ni za muuguzi. Ilianza hivyo kwa sababu zamani waliwahi kumchukua daktari kwa vyeti tu, akashindwa na watu wa benchi, akaondoka mwezi haujaisha.

"Na barua za kuwaita ni moja kwa wote," Sista alisema. "Tusije tukasemwa."

Nilikuwa nimeitia hiyo barua kwenye mashine wakati muuguzi alipoingia kutafuta kalamu.

"Ejok, mama karani," alinisalimu Kiturkana. "Huyu wa Kakuma umemwandikia siku ngapi?"

"Intavyu ni siku moja."

"Najua ni siku moja. Nauliza umeandika ngapi."

Hapa inafaa nieleze. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali cha kusafiri, na njiani kuna kizuizi cha polisi. Ofisi ya kambi inasoma barua ya anayekuita, inatoa siku zilizoandikwa humo, haiongezi. Kwa hiyo ofisi za Lodwar zilikuwa na desturi. Ukimwita mtu wa kambini kwa semina ya siku moja, unaandika tatu, kwa maana barabara ile ina malaga, mito mikavu ambayo mvua ikinyesha mbali inajaa, na gari linaweza kukwama au kuharibika. Kila mtu alijua. Nadhani hata waliotoa vibali walijua.

"Mwandikie tatu," muuguzi alisema.

"Na hao wengine?"

"Hao wengine wako na kitambulisho."

"Sista amesema barua ni moja kwa wote."

"Basi waandikie wote tatu."

"Nimwambie mtu wa Nairobi aje siku tatu kwa mahojiano ya saa moja? Halafu akifika nimwambie nini, kwamba nilidanganya kidogo?"

Alicheka, akachukua kalamu yangu badala ya ile aliyoitafuta. "Mama karani, ungekuwa polisi wewe, punda wote wa Lodwar wangekuwa na leseni."

Niliandika siku moja. Ningependa kusema ni kwa sababu niliagizwa, lakini Sista aliagiza barua iwe moja, hakutaja siku. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimempenda yule daktari kwa mstari wake kabla ya kumwona, na nilijua nimempenda, na niliogopa kumpendelea. Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Nilirudi ploti, nikapika, nikala, nikajiambia kwamba kama barua tatu zinafanana neno kwa neno hakuna atakayeweza kusema lolote.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Wa Nairobi alipiga simu mapema kusema amepata kazi kwingine, akatutakia heri. Wa Eldoret alikuwa amefika jana yake na kulala hotelini. Wa Kakuma alifika kabla ya saa mbili asubuhi, na gari la wafanyabiashara. Alikuwa mfupi, mwenye mvi, amevaa suti ya kahawia iliyokuwa pana shingoni. Nilimwona kutoka dirishani akisimama langoni kufuta viatu kwa kitambaa, kimoja kimoja, kabla ya kuingia.

"Mama, ni wewe uliandika ile barua?" aliniuliza. "Aksanti sana. Iliandikwa safi."

Nikamwonyesha kiti barazani. Wa Eldoret alikuja baadaye kidogo, kijana wa miaka thelathini na kitu, wakasalimiana, wakaanza kuongea mambo ya macho kwa Kiingereza ambacho sikukifuata. Nilitafuta dharau kwa yule kijana na sikuiona. Alimpisha mzee wa Bukavu kiti chenye kivuli.

Saa tatu upepo ukaanza. Wanaokaa Lodwar wanajua vumbi linavyoamka, lakini siku hiyo lilisimama. Mlima uliokuwa mbele yetu ukapotea. Tuliisikia ndege ikizunguka juu, mara moja, mara ya pili, kisha sauti ikaenda ikapungua. Sista akapiga simu. Rubani hakuona uwanja, amekwenda Eldoret kungoja.

Tukangoja na sisi. Benchi ilikuwa imejaa tangu alfajiri kwa sababu watu walikuwa wamesikia kuna madaktari. Muuguzi alitoka na kurudi, na ilipofika saa tano akamwendea mzee wa Bukavu.

"Daktari, kuna baba mmoja pale, jicho imekuwa jekundu siku nne na anatapika. Tazama kidogo tu."

Daktari akaanza kuinuka. Mimi ndiye niliyesema. Sijui ni nani aliyenipa ruhusa ya kusema.

"Benchi bado haijaanza," nilisema. "Akimtazama sasa, na mwenzake hajapewa mtu, itakuwa amefanya mtihani kabla yake."

Muuguzi alinitazama kama mtu aliyekanyagwa. Wa Eldoret akasema, "Mimi sina neno, amtazame." Lakini mzee akakaa tena, akatia mikono mifukoni, akacheka kidogo.

"Mama ana haki," alisema. "Tumtazame sisi wote wawili, kwa pamoja? Hapo hakuna wa kwanza."

Wakaenda wote wawili. Walimtazama yule baba pamoja, wakasema neno moja kwa wakati mmoja, na muuguzi akakimbilia dawa. Mpaka leo nikikumbuka kwamba jicho la mtu lilingoja kwa sababu ya sheria yangu naona joto shingoni, hata kama ilikuwa ni dakika mbili.

Saa nane mchana simu ya Sista ikalia. Ndege itakuja kesho asubuhi.

Wa Eldoret akauliza kama hoteli yake bado ina nafasi. Mzee wa Bukavu hakuuliza kitu. Alitoa karatasi kwenye mfuko wa ndani wa koti, akaikunjua juu ya goti, akaisoma ingawa nina hakika alikuwa anaijua. Nilisogea nikaiona. Tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi ilikuwa ile ile moja.

"Naweza kukuandikia barua nyingine sasa hivi," nilimwambia.

"Barua ni ya kupeleka kule ofisi, mama. Banatia sahihi kabla ya kutoka. Hapa hakuna wa kutia."

Sista akajaribu. Lazima niseme alijaribu kweli. Alipiga simu ofisi ya kambi, ikalia tu. Akapiga kwa padri aliyemfahamu Kakuma, padri akaenda mwenyewe kwa miguu, akapiga na kusema afisa mwenye sahihi amekwenda Nadapal mpakani na harudi hadi Jumamosi. Muuguzi akasema alale tu, kesho ahojiwe, arudi, polisi wa kizuizini wengine ni jamaa zake, ataongea nao.

"Wakikataa?" mzee aliuliza.

"Hawawezi kukataa."

"Lakini wakikataa."

Muuguzi akageuka kutazama langoni.

"Mimi nikilala hapa leo, kesho niko mtu bila karatasi," mzee alisema. "Kama ni mimi peke yangu, sawa, nilale. Lakini faili yetu ni ya batu ine. Banaandika kitu kibaya kwa jina langu, inakwenda kwa watoto pia. Siwezi."

Kulikuwa na gari la saa tisa. Alituaga mmoja mmoja, mkono na mkono, na wa Eldoret akamsindikiza hadi langoni. Mimi nilibaki barazani na birika la chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Kesho yake ndege ikatua bila shida yoyote, anga safi kabisa. Kabla hawajaanza nilimfuata Sista ukumbini, nikamwambia ni mimi niliyeandika siku moja, kwamba muuguzi alinionya, kwamba kosa ni langu. Nilitaka anigombeze. Alinishika bega.

"Umefanya nilivyokuagiza, mama."

"Hukutaja siku, Sista."

"Hata mimi ningeandika moja," alisema. Sijui kama ni kweli. Alikuwa amekaa Turkana muda mrefu kuliko mimi.

Alilipeleka jambo hilo kwa wenzake. Nilikuwa naweka vikombe nikasikia. Yule bingwa wa nje alisema wanaweza kuuliza maswali kwa simu, lakini benchi haifanywi kwa simu, na mmoja akifanya nusu na mwingine akifanya yote, hakuna kipimo. Na yeye hakuwa na siku nyingine ya kuja mwaka huo. Mwalimu mstaafu akasema wagonjwa wamengoja vya kutosha. Yote hayo yalikuwa sawa. Niliyasikiliza nikitafuta mahali palipopinda, sikupata.

Wa Eldoret alipewa bibi mmoja mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili. Alichuchumaa chini kwenye vumbi hadi uso wake ukawa chini ya uso wa bibi, akamwambia muuguzi amwulize kwanza analala wapi na nani anampikia. Bibi akajibu maneno mengi, watu wa benchi wakacheka, na muuguzi alipotafsiri kijana naye akacheka. Nilimwona muuguzi akiandika maksi. Hakuandika chini. Na yeye pia alikuwa mtu wa haki, kwa njia yake, ingawa kwa muda mrefu baada ya hapo alikuwa ananisalimia bila kusimama.

Kuna desturi nyingine ya kazi hizi ambayo sikuijua. Aliyepata anaandikiwa mara moja. Aliyekosa haandikiwi mpaka yule aliyepata aripoti kazini. Nilimuuliza Sista kwa nini.

"Wanaokubali Lodwar kwa barua ni wengi," alisema. "Tunangoja tuone anayeshuka kwenye gari. Huyu asiporipoti, tutamwita wa Kakuma, na bingwa atafutiwe nafasi."

Basi barua ya kumwambia mzee wa Bukavu kwamba amekosa nilikuwa nimeipiga chapa, imetiwa sahihi, haina tarehe, imekaa kwenye droo yangu. Wa Eldoret alikubali. Akaomba amalize Krismasi. Kisha akaandika kwamba mkewe ana wasiwasi na uchaguzi wa mwezi wa tatu, afadhali aje ukishapita. Sista alisoma barua hiyo akavuta pumzi. Mimi niliisoma nikafurahi.

Hilo nililiandika kwenye daftari langu, na sikulifuta: nimefurahi. Miezi hiyo nilikuwa napita mbele ya benchi kila asubuhi, watu wamekaa na nyuso zimeinuliwa kama wanaosikiliza kitu, na ndani yangu nilikuwa naomba daktari wao asije. Nikijiambia akikosa kuja atakuja mwingine, tena aliye bora, tena wa karibu. Halafu najiuliza, bora kwa nani? Kanisani nilishindwa hata kuliombea jambo hilo, maana sikujua niombe lipi. Sikukuu ile ya Krismasi ploti ilibaki na mimi na paka. Nilimpigia binti yangu, nikataka kumwambia, nikajiuliza ningeanzia wapi. Nikamuuliza kama amekula.

Uchaguzi ulipita. Wiki chache baadaye, mwaka wa 2013, gari dogo lililojaa vumbi hadi kwenye vioo likaingia hospitalini, akashuka yule kijana wa Eldoret na sanduku la vitabu. Alinikumbuka. Aliuliza, kabla hata ya kuuliza nyumba yake, "Na yule mzee wa Kakuma, yuko?" Nikamwambia sijui. Aliondoa lile shuka jeupe kwenye mashine siku hiyo hiyo, na ndani ya mwezi wa kwanza daftari la muuguzi likaanza kupungua majina kwa sababu nzuri. Nilimwona yule bibi wa benchi akitoka wodini bila kushikwa mkono, akipita dirishani kwangu, akasimama kutazama kuku. Siwezi kuandika hapa kwamba watu wa Lodwar walipata hasara. Hawakupata.

Sista akasema sasa ile barua iende. Ningeweza kumpa dereva. Gari lilikuwa linakwenda Kakuma kuchukua mgonjwa, nikaomba nipande.

Kliniki yake ilikuwa chumba cha mabati kambini, na nje watu wamekaa kwenye mbao: akina mama wa Kisomali, vijana wa Sudan Kusini, na Waturkana wa pale pale waliotoka vijijini. Alikuwa amevaa koti jeupe juu ya fulana. Nywele zilikuwa zimezidi weupe, au mimi ndiye nilikuwa nimesahau. Aliponiona alielewa, nadhani, maana alimaliza kwanza mgonjwa aliyekuwa naye, akanawa mikono, ndipo akachukua bahasha.

Aliisoma amesimama vile vile, ameishika kwa mkono mmoja.

"Bon," alisema. "Aksanti kwa kuleta. Ungetuma tu."

"Daktari, kuna jambo." Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima na lilitoka vibaya. Nilimwambia juu ya siku moja na siku tatu, kwamba niliambiwa, kwamba nilijua desturi, na sikufuata.

Akangoja nimalize.

"Mama, mimi nimepata barua za Lodwar mingi. Semina ya hii, semina ya ile. Zote ni siku tatu, siku ine. Yako nilipoifungua niliona moja. Niliona hapo hapo."

"Sasa mbona hukupiga simu? Namba ilikuwa juu."

"Simu nilikuwa nayo mkononi." Alitazama nje, kwa watu wa mbao. "Nilisema, nikianza kwa kuomba, batasema daktari wa kambi ni wa kuomba. Niende kama wale wengine, na karatasi kama ya wale wengine. Ilinipendeza, unajua? Barua isiyoniongezea kitu. Nikaiweka hivyo."

Nilikuwa nimekuja na kosa langu nikidhani ni langu lote, na sasa alikuwa ameshika upande mmoja, na halikuwa jepesi zaidi kwa kushikwa na wawili.

"Yule kijana," akauliza, "anafanya vizuri?"

Ningeweza kusema wastani.

"Anafanya vizuri. Wagonjwa wanatoka wenyewe, bila kushikwa."

"Anachuchumaa?"

"Anachuchumaa."

Aliitikia kwa kichwa mara mbili. Nilitoa kitabu cha kupokelea barua, maana bila sahihi Sista angeuliza. Kina safu nne: tarehe, jina, cheo, sahihi. Aliandika tarehe, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, akaruka safu moja, akatia sahihi.

"Hapa kwenye cheo umeacha, daktari."

Akaangalia nilipoonyesha. "Hapo weka ile banatumia ofisi yenu," alisema, akanirudishia kalamu. Kisha akainua sauti kuita anayefuata, na mama mmoja wa Kisomali akaingia na mtoto, nikalazimika kuwapisha mlangoni.

Mgonjwa wetu alikuwa ameshalazwa nyuma ya gari. Nilikaa mbele na kitabu mapajani. Dereva hakuwa mtu wa mazungumzo, na siku hiyo nilimshukuru. Kwenye kizuizi alipunguza mwendo. Nilikuwa nimeshatoa kitambulisho, nimekishika tayari, lakini askari alichungulia tu, akaniona, akaona mgonjwa, akatupungia mkono tupite. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi, miaka mingi, na sikumbuki kama niliwahi kuona kwamba ninapita.

Nikafungua kitabu. Kambini alikuwa mhudumu mkimbizi. Kwenye faili yetu vilikuwemo vyeti vyake na kibali cha bodi. Niliandika, daktari bingwa wa macho. Barabara ilikuwa mbaya na mwandiko ulipanda na kushuka nje ya mstari, ukaingia kidogo kwenye safu ya sahihi, lakini unasomeka.